Bahari imechafuka, herufi sita

Kuna siku nilibeba kidokezo kimoja cha kroswadi kichwani tangu Likoni asubuhi, nikapanda nacho feri, nikashinda nacho ofisini katikati ya makaratasi ya forodha (nafanya kampuni ya kliaringi, na mizigo ya watu hainisubiri mimi nifikirie), na saa kumi na moja natoka bado sijakipata. Kidokezo chenyewe kilikuwa hivi:

HIJKLMNO (5)

Ndio hicho chote. Herufi nane zimepiga foleni, na ile tano kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Nilizivuruga, nikazisoma kutoka nyuma, nikatafuta labda kuna jina la mtu humo, wapi. Kabla sijateremka kwenda feri nikapitia Kibokoni kwa Ami, nikamkuta barazani na kikombe chake cha kahawa tungu, nikampa gazeti. Hakulishika hata.

"Yaanza na nini?"

"H, Ami."

"Yaishia na nini?"

"O."

"Haya sema kwa Kizungu, kutoka hiyo mpaka hiyo."

H to O. Mara ya kwanza nilisema, sikusikia kitu, mara ya pili nikasema polepole ndio masikio yakafunguka. H2O. Maji! Water, herufi tano. Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimesimama kwenye feri, maji kulia maji kushoto, nayatafuta kwenye karatasi.

Hiyo ni kama miaka sita iliyopita na tangu hapo gazeti kwangu haliishi mpaka nifike ukurasa wa mafumbo. Nataka niliandike hili jambo kwa kirefu manake kila nikimwambia mtu napenda kroswadi anadhani nazungumzia ile ya "mji mkuu wa Ufaransa, herufi tano". Hiyo ni nzuri ukiwa kwenye foleni ya benki, lakini sio hiyo. Gazeti tulilokuwa tukiletewa ofisini lilikuwa na mraba mmoja na chini yake vidokezo vya aina mbili, vyepesi upande huu, vya mafumbo upande ule, na wenzangu wote walikuwa wakijaza vile vyepesi, hivyo vingine wanadhani vimechapwa makosa. Nami nilidhani hivyo hivyo. Unasoma sentensi ya Kiingereza, kila neno walijua, na yote kwa jumla haikupeleki popote, utasema nini zaidi ya kwamba aliyeandika amekosea?

Ami ndiye aliyenifunza kwamba hakukosea. Ami ni mdogo wake baba, alisomesha hesabu miaka mingi mpaka akastaafu, na anavisoma hivi vidokezo kama mtu anayekagua hesabu ya mwanafunzi, hataki kuonewa hata robo. Alinipa kanuni moja tu ya kuanzia. Kidokezo cha fumbo ni vitu viwili vimeshonwa pamoja na mshono usionekane. Upande mmoja ni maana ya jibu, maana ya kawaida kabisa kama ya kamusi, na maana hiyo hukaa mwanzo au mwisho, haikai katikati. Upande wa pili ni maelekezo ya kulijenga lile neno, chukua hiki ubandike na kile, vuruga herufi, geuza, chungulia ndani ya maneno uone kilichojificha. Kwahivyo jibu moja unalipata kwa njia mbili, na ndio manake ukilipata unajua umelipata, huna haja ya kungoja gazeti la kesho. Kazi ya mtunzi ni kuisuka sentensi ili ukiisoma nzima ikupeleke sokoni na jibu liko msikitini.

"Kila neno lina kazi," Ami alikuwa akiniambia. "Neno likikubakia halina kazi, hilo jibu lako tupa."

Ya kwanza aliyonionyesha mshono wake ilikuwa Flower of London (6). Sasa hapo kila mtu anatafuta ua, waridi sijui yasmini, na anahesabu herufi. Lakini kwa Kiingereza flow ni kutiririka, na ukiongeza ule mkia wa mwenye kufanya, flower inaweza kusomwa kama kinachotiririka. Kinachotiririka London ni mto wao, Thames, herufi sita. Ni kidokezo kikongwe, watu wa fumbo hizi wanakijua wote, lakini mimi nilikuwa sikijui na nilinyamaza muda mzuri. Neno nililofunzwa darasa la kwanza, na siku zote lilikuwa na mlango wa nyuma!

Historia yake sio ndefu. Mraba wa kwanza wa aina hii ulitoka New York tarehe 21 Desemba 1913, kwenye gazeti la New York World, aliyeutunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na ulikuwa na umbo la almasi na vidokezo vya maana tu. Waingereza ndio walioutia mafumbo, miaka ya 1920, na mtunzi mkali wa wakati huo alikuwa Edward Powys Mathers ambaye gazetini alijiita Torquemada, jina la yule mkuu wa mahakama ya dini ya Hispania iliyokuwa ikitesa watu. Mpaka leo watunzi wengi wa Uingereza hutumia lakabu, na wenye kufumbua humjua mtunzi kwa tabia ya vidokezo vyake, vile sisi mtu hutambua shairi ni la nani kabla ya kutajiwa jina.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni mambo ya vita. Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph liliita watu London waje kujaza kroswadi mbele ya saa, chini ya dakika 12, na baadaye baadhi yao wakaandikiwa barua na jeshi, wakapelekwa Bletchley Park kufumbua siri za adui. Hiyo wengi wamesikia. Sasa sikiliza hii ya kwetu. Aprili mwaka huo huo Wajapani walipiga Colombo kwa ndege, na Waingereza wakaihamisha timu yao ya kufumbua siri za majini za Japani, tawi la hao hao wa Bletchley, wakaileta hapa. Hapa Mombasa! Kilindini ndio jina lililokuwa kwenye makaratasi yao, na jengo walilopewa lilikuwa shule ya wavulana, Allidina Visram. Hii hii Allidina ambayo nina binamu wawili waliosoma pale na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia.

Na siri kubwa waliyoifungua wakiwa hapa ni ile ya meli za mizigo za Japani, iliyoitwa JN-40. Kwa muda walidhani ni namba zilizojumlishiwa namba nyingine juu yake, kwahivyo wakawa wanatafuta kutoa. Kumbe sivyo. Ujumbe ulikuwa unageuzwa kuwa namba kwa jedwali, alafu zile namba zinapangwa kwenye safu na safu zenyewe zinavurugwa mpangilio. Wajapani wakafanya kosa mwezi wa Septemba, jamaa wakaona ufa, na kufikia Novemba 1942 wanasoma ujumbe wa nyuma na wa mbele. Nilipolielewa hilo nilimpigia Ami simu usiku. Kuvurugwa! Siri ya meli zote hizo ilikuwa ni kitu kimoja na kile anachonifanyia mtunzi wa gazeti akiniambia vuruga herufi, na ilivunjwa kwenye madarasa ambayo mpaka leo watoto wa Mombasa wanakaa wakisoma.

Sasa tangu hapo kuna kitu kikaniwasha. Kroswadi za Kiswahili nilizokutana nazo mimi, hizi chemshabongo, zote zilikuwa za maana, "mke wa mfalme", "kinyume cha usiku", unajaza unamaliza. Mbona hakuna za mafumbo, na sisi ndio wenyewe? Mtu wa pwani hufumbiwa tangu hajaota meno. Kitendawili, tega, ukishindwa unatoa mji. Mtu akipita Marikiti na leso mpya wanawake husoma jina kabla hawajatazama rangi, na wanajua linamwendea nani. Mji huu ni wa Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840 na bado wazee wanabishana beti zake zilimlenga nani. Na kinyume je? Mimi na dada zangu tulikuwa tukizungumza kinyume ili mama asielewe, unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele, twende inakuwa ndetwe, kuja inakuwa jaku, na mama alikuwa anaelewa kila kitu kwa sababu na yeye aliisema utotoni. Askofu Steere aliyekuwa Zanzibar karne ya 19 aliiandika hiyo michezo ya kinyume, kwahivyo si ya jana. Huo ndio uvurugaji wa herufi, sisi tunauvuruga kwa silabi manake ndivyo lugha yetu ilivyokatwa.

Nikaanza kutunga. Ya kwanza kabisa ilikuja yenyewe: Sali ndani ya Mombasa (4). Ukiisoma ni kama tangazo la msikiti. Lakini chungulia ndani ya neno Mombasa, toa M mwanzo toa SA mwisho, kimebaki OMBA, na kuomba ni kusali. Kila neno lina kazi. Niliipenda sana hii mpaka nikaiandika kwenye kalenda ya ofisi. Siku mbili baadaye nikaona ndani ya Kilindini, neno ninaloliandika mara hamsini kwa siku kwenye fomu, kuna mji wa Tanzania umekaa kimya, Lindi. Alafu hii ya jikoni: Sahani na zile sufuria zimeficha cha kukunwa (4). Msomaji anafikiria mgongo, manake cha kukunwa ni mwasho, lakini soma NA ZIle bila kupumua utaona NAZI, nayo hukunwa kwa mbuzi.

Za kinyume ndio tamu kuliko zote. Lima kinyume upate utajiri (4), hiyo ni MALI. Tisha kinyume, kitu cha kuvaa (5), SHATI. Na hii ninayoiona ndio bora yangu: Mila kinyume yatandazwa barabarani (4). LAMI! Na uangalie kitu hapa, herufi hizi nne, A, I, L na M, nimezikalia mwezi mzima, zinatoa mali, lima, mila, lami na imla. Maneno matano kutoka herufi nne, na hakuna kati yao neno la kuokota kamusini, yote watu wanayajua.

Ila kuna tatizo, na mtu akitaka kutunga kwa Kiswahili atakutana nalo siku ya kwanza. Ngeli. Kiingereza kila kitu kisicho mtu ni kile kile, ua na mto havijulikani kwa kitenzi. Sisi kitenzi kinamtaja mwenyewe kabla hajatajwa. Nilitaka kutumia neno paa, ambalo ni mnyama na ni la nyumba, nikaandika kitenzi, nikiweka "anakimbia" nimeshasema ni mnyama, nikiweka "limevuja" nimeshasema ni la nyumba, siri imekwisha. Nilihangaika nalo wiki nzima mpaka nikagundua dawa ni kuving'oa vitenzi kabisa: Mnyama juu ya nyumba (3). Sasa kila niliyempa anasema paka, kwa haraka kabisa, na paka ana herufi nne. Mnyama ni paa, juu ya nyumba ni paa. Na ile ya mila na lami ilikaa sawa kwa sababu yote mawili yako ngeli moja, yatandazwa inamfaa huyu na huyu. Kwahivyo mtunzi wa Kiswahili inabidi atafute maneno ya ngeli moja, au ajifiche nyuma ya "kitu" na "cha", au aache kitenzi. Ni kazi lakini ni kazi nzuri, inakufanya uisikie lugha uliyozaliwa nayo kama unaisikia mara ya kwanza.

Ami alikuwa hataki. Si kwamba alinikataza, lakini kila nikimpelekea alikuwa akisema nzuri mwanangu, alafu anarudi kwenye gazeti lake. Kwake yeye vidokezo hivi ni vya Kiingereza, alivifunzwa na mwalimu wake zamani kama sehemu ya Kiingereza chenyewe, na alihofia nitakuwa nafanya kitu nusu nusu.

Mwezi wa saba, kusi imekaza, niko kwenye feri nimesimama karibu na chuma na gazeti likanipeperukia usoni, nikalikunja, kichwa cha habari kikabaki mbele yangu na juu yake naona mkondo unapanda unashuka. Habari. Bahari. Habari. Nikahesabu kwa vidole. H-A-B-A-R-I. B-A-H-A-R-I. Wallahi nilitamani kumshika mkono mtu yeyote aliyekuwa karibu nimwambie. Herufi zile zile! Na tena Kiswahili kimeshakupa neno la kuvurugia tayari, manake bahari husemwa imechafuka, hakuna haja ya kulazimisha. Kufika ng'ambo nilikuwa nayo nzima.

Jumamosi nikampelekea, nimeiandika pembeni ya gazeti kwa kalamu: Ya kusoma gazetini: bahari imechafuka (6).

Ami akaisoma kwa sauti, akanipokonya kalamu, na bila kufikiri akaandika kwa herufi kubwa TUFANI. Na inakaa! T-U-F-A-N-I, sita kamili, na tufani si ndio bahari kuchafuka. Hata mimi sikuwa nimeuona huo mtego nilipokuwa natunga.

Nikamuuliza, "Na gazetini yafanya kazi gani, Ami?"

Akanyamaza. Akasema magazeti huandika tufani. Nikamwambia magazeti huandika pia mpira na bei ya unga. Akaitazama tena, akaifuta TUFANI kwa mstari mmoja, na kutoka hapo hakusema na mtu. Muuza kahawa akapita akapewa ishara ya mkono tu. Ikaadhiniwa laasiri akaenda akaswali akarudi, akakaa pale pale, akavaa miwani.

"Nipe mji, Ami."

Miaka yote hiyo mimi ndio niliyekuwa nampa miji, nimempa Malindi, Nairobi, Tanga, Unguja na Pemba pamoja, nimempa mpaka Bombay. Hajawahi kunipa hata kijiji. Akafikiri sana.

"Chukua Amu."

Ami amezaliwa Amu, ndio Lamu hiyo. Wameletwa Mombasa na babu kwa jahazi akiwa na miaka saba. Basi nikaenda Amu, nikakaribishwa, nikala nikashiba, nikampa: imechafuka ni kuvuruga, vuruga BAHARI. Akaandika zile herufi kwa duara vile anavyofanya akiwa na neno la kuvuruga, B juu, A, H, A, R, I, akalizungusha gazeti taratibu kama usukani. Alafu kalamu ikasimama.

"Watu wanisalimu kwa neno hili siku zangu zote," akasema, na akaonyesha kwa kidevu upande wa bandari ya zamani, "na yenyewe hiyo hapo."

Jumatatu asubuhi nikaingiwa na meseji. Ami hapendi kuandika kwenye simu, herufi anaziona ndogo, hutuma watoto wampigie. Hii aliandika mwenyewe:

Cha kulia ni kurudi toka Amu (3)

Nilisoma nikashikwa na huzuni, nikamwona mtoto wa miaka saba kwenye jahazi anatazama nyuma. Nikajaribu machozi, ni saba. Dhiki, tano. Kifo, nne. Nikaiacha nikafanya kazi, nikarudi, nikaandika vilio nikafuta. Saa saba nikateremka kibandani kula biriani, simu nimeiegemeza kwenye jagi la maji ile meseji inanitazama, nikainua mkono kupeleka tonge la pili, na mkono ukabaki hewani. Nikakitazama nilichokishika. Nikaisoma Amu kutoka nyuma.

Nikamtumia jibu hapo hapo. Akaniandikia: sawa, basi nirudishie mji wangu.

Nimekataa.